Uzoefu wangu na mkanda wa plastiki wa kuzibulia bafu

Kama maji ya bafuni kwako yanashuka kwa kusuasua, yanakufika kwenye vifundo kabla hujamaliza kuoga, anza na huu mkanda wa plastiki wenye meno kabla hujanunua dawa yoyote. Wangu nimeununua Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya bomba upande wa Gerezani, kwa shilingi 2,000. Ni mwembamba, una urefu wa kama nusu mita, unapinda, na meno yake yameelekea juu: ukishuka unateleza, ukivutwa unanasa.

Kwetu Tabata tunaogea maji ya kisima. Wenye visima mnayajua: sabuni haitoi povu, inaacha utandu mweupe sakafuni. Ni madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyomo kwenye maji magumu, yakikutana na sabuni ya mche yanagandamana nayo. Utandu huo ukishika nywele ndani ya bomba, umepata ukuta. Na nyumba yetu ina wasichana wanaosuka rasta, kwa hiyo siku ya kufumua vipande vingi vinaishia kwenye lile tundu.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Nilivaa glovu, nikabandua kichujio kwa bisibisi, nikaushusha mkanda taratibu mpaka ukagoma, nikauzungusha kidogo, nikavuta. Lilitoka bonge jeusi lenye utelezi, limefungwa na utandu wa kijivu, harufu yake ilinitoa nje kwanza. Ndani ya bonge hilo kulikuwa na nyuzi za rasta za rangi ya maruni, bado zinang'aa kama zimetoka dukani jana. Nikarudia mpaka mkanda ukawa unatoka mtupu, halafu nikamimina ndoo ya maji ya moto yenye sabuni ya unga. Ya moto tu, si ya kuchemka, maana bomba za PVC hulegea kwa joto kali. Maji yakashuka yote, hata kidimbwi hakikubaki.

Hizo nyuzi za maruni ndizo zilizonionyesha kwa nini kostiki soda haikutusaidia. Fundi aliyekuwa akija alikuwa anaimwaga, maji yanakwenda siku kadhaa, kisha yale yale. Soda inakula nywele za binadamu kwa sababu ni protini, na mafuta inayageuza sabuni. Rasta ni plastiki. Kama soda ingekuwa inayeyusha plastiki, si ingeanza na bomba lenyewe? Kwa hiyo ule wavu wa rasta unabaki palepale ukisubiri uchafu mpya.

Soda pia ni ya hatari, hasa nyumba yenye watoto. Ikibidi uitumie, tia soda kwenye maji mengi ya baridi, kamwe usimwage maji juu ya soda, kwani inachemka ghafla na kurukia macho. Na atakayekwambia uongeze maji ya betri, mkatalie kabisa. Hiyo ni tindikali: ikikutana na soda inachemka kwa nguvu na kukurukia usoni, ikikutana na Jik inatoa gesi ya klorini, nawe uko kwenye chumba kidogo chenye dirisha moja. Soda ya kuokea na siki haina madhara hayo, ila kwa bonge la nywele ni mapovu tu.

Mkanda una mipaka yake. Ni mfupi, hauvuki mbali na kona ya kwanza ya bomba. Meno ya nchani kwa wangu yameanza kukatika, kwa hiyo usivute kwa hasira, usije ukakatikia ndani. Na kama choo na sinki navyo vinasuasua, au ukiflashi maji yanapanda bafuni, tatizo liko kwenye chemba au mbele yake. Fungua mfuniko uangalie. Ukikuta maji yamesimama, kama inavyotokea sana masika mchanga unapoingia, mwite fundi mwenye waya mrefu.

Nyumbani sasa tunaupitisha kila baada ya watu kufumua, na lile bonge linakwenda kwenye mfuko wa taka, siyo chooni. Ukienda kununua, upinde kwanza pale pale dukani: ukiacha alama nyeupe kwenye mkunjo, mwambie muuzaji akupe mwingine.