Rimoti ya Kompyuta ya Sebuleni: Ipi Itangulie

Aliyeunganisha kompyuta na runinga ya sebuleni ili atazame filamu kwa Kodi, programu ya kuchezeshea filamu na muziki, hugundua upesi kwamba kila anapotaka kusimamisha picha hana budi kuinuka kwenye kochi na kuifuata kibodi. Kabla hajanunua chochote, ajiulize ni nani nyumbani atakayeishika rimoti, na kama kompyuta iliyolala itaamka kwa kubonyeza kitufe. Kwa maswali hayo mawili nimevipanga vifaa vifuatavyo.

Ninakitanguliza Flirc, kipokezi kidogo cha miale ya infraredi kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Hakiji na rimoti yake, bali hufundishwa rimoti yoyote uliyo nayo, kitufe baada ya kitufe, kisha huyahifadhi mafunzo hayo ndani yake, nayo kompyuta hukitambua kama kibodi ya kawaida, iwe inaendeshwa kwa Windows au Linux. Rimoti ya king'amuzi kisichotumika tena inafaa sana, hasa kwa wazee ambao vidole vyao vimekwisha kuizoea. Rimoti ya runinga yenyewe sikushauri, kwa kuwa runinga nayo itaitikia kila unapobonyeza. Kifaa hiki huweza kuiamsha kompyuta, mradi mipangilio ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, iruhusu na tundu la USB liendelee kupata umeme wakati kompyuta imelala. Miale ya infraredi haipenyi mlango wa mbao, hivyo mwenye kuiweka kompyuta kabatini anunue pia kebo ya kurefushia USB, akitoe kipokezi mbele.

Nafasi ya pili naipa HDMI-CEC, ambayo hupitisha amri za rimoti ya runinga katika kebo ileile ya HDMI. Itafute kwenye mipangilio ya runinga kwa jina lake la kibiashara: Samsung huiita Anynet+, LG huiita SimpLink, na Sony huiita Bravia Sync. Mwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, tayari anayo HDMI-CEC, na kwake yeye hii ndiyo ya kwanza bila shaka, kwani hatoi hata senti. Kadi nyingi za picha za kompyuta za kawaida hazina uwezo huo, na hapo ndipo inapohitajika adapta ya Pulse-Eight, ambayo naiona ni gharama isiyo ya lazima ikiwa Flirc inapatikana.

Ya tatu ni rimoti ya mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, yenye kibodi ndogo mgongoni na mshale unaofuata mwendo wa mkono. Hupita mlango wa kabati bila taabu, na kwa anayetafuta video kwenye kivinjari haina mpinzani. Ila kipokezi chake kisikae karibu na tundu la USB 3.0 linalotumika, kwa maana mwingiliano wa mawimbi huifanya ikwamekwame.

Simu yenye Kore, programu inayoigeuza simu kuwa rimoti ya Kodi, haigharimu kitu, lakini mwenye simu akitoka, waliobaki hawana rimoti.

Rimoti zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows Media Center naziweka mwisho: Microsoft iliiondoa programu hiyo ilipotoa Windows 10 mwaka 2015, na vitufe vyake kadhaa havina tena cha kufungua.