Kebo ya Kupeleka Umeme Karakana ya Nyumbani: Ipi Ianze, Ipi Ishike Mkia

Mwenye nyumba wa Igoma au Buhongwa, jijini Mwanza, anayejenga karakana nyuma ya uwanja wake kwa kawaida huulizia bei ya mita moja ya kebo kabla hajajua mashine zake zitavuta ampea ngapi. Hapo ndipo pesa hupotelea, kwani mashine ndogo ya kuchomelea peke yake inaweza kuvuta karibu ampea 30 kwenye umeme wa volti 230, na mota ya msumeno wa meza, inapowashwa, huvuta kwa muda mfupi mara tano hadi saba ya kiwango chake cha kawaida.

Tuchukue umbali wa mita 30 na mzigo wa ampea 30. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 4 itapoteza karibu volti 10 njiani, ya 6 itapoteza zaidi kidogo ya volti 6, na ya 10 karibu volti 4. Jioni, laini ya mtaa inapolemewa na umeme ukafika nyumbani ukiwa tayari umepungua, kupotea kwa volti 10 nyingine kunatosha kuifanya mota ivume bila kuzunguka, ipate joto na hatimaye iungue. Kwa karakana yenye kuchomelea, mimi nisingeshuka chini ya 6.

Nafasi ya kwanza naipa kebo ya shaba ya kufukia yenye deraya, yaani ganda la kinga, ya nyaya za chuma. Ifukiwe kina cha sentimita 60 hivi, ilazwe juu ya mchanga, na utepe wa tahadhari upite juu yake ili mchimba shimo wa kesho aonywe. Deraya nayo iungwe kwenye ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja), jambo ambalo mafundi wengine huliruka.

Ya pili ni kebo ya aluminiamu ya kupitisha juu, na kwa wakazi wa vilima vya mawe kama Mabatini na Isamilo inaweza kupanda ikawa ya kwanza, maana kupasua jabali kwa ajili ya mfereji kunaweza kugharimu kuliko kebo yenyewe. Aluminiamu hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo chagua ya 16 pale ambapo ungeweka shaba ya 10. Inapokutana na shaba, itumike klempu maalumu. Kuzisokota pamoja na kufunga tepu, hasa katika unyevu wa kando ya ziwa, ni kukaribisha kutu na moto. Radi za Ziwa Victoria pia zinadai kifaa cha kuzuia mawimbi ya umeme.

Nyaya za kawaida ndani ya bomba la plastiki ni za tatu. Zinafaa bomba likipita ukutani, lakini likifukiwa, maji huingia kwenye viungio. Ekstensheni inashika mkia: ni ya kutobolea tundu moja na kukunjwa, wala haipaswi kuwa njia ya kudumu ya umeme.

Kebo yoyote utakayochagua, ianzie kwenye breka yake baada ya mita ya LUKU, na karakana iwe na swichi inayokata umeme unapovuja kufikia miliampea 30. Udongo mwembamba juu ya jabali hufanya ethi rodi moja isitoshe mara nyingi, hivyo fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime kabla ya kuwasha. Ukiwa na mota kubwa kadhaa, omba TANESCO umeme wa fezi tatu (nyaya tatu za moto badala ya mmoja) badala ya kuendelea kunenepesha kebo.

Dukani, tafuta alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na ukubwa uliochapishwa kwenye ganda, kisha kwangua ncha ya waya kwa kisu: rangi nyeupe ikitokea chini ya nyekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na haistahili bei ya shaba.