RCSB PDB: nilikomwona DpnI akishika methili

Aliyewahi kubadilisha herufi za DNA kwenye plasmidi (DNA ndogo ya duara) kwa PCR, njia ya kunakili DNA kwenye tyubu, anaijua DpnI, kimeng'enya kinachokata DNA. Unatia kidogo, unaweka tyubu nyuzi 37, nayo inakatakata plasmidi ya zamani na kuiacha mpya. Ya zamani imetoka ndani ya bakteria E. coli, kwa hiyo adenini (herufi A) kwenye kila mfuatano wa GATC zimeshabandikwa methili, kaboni moja yenye hidrojeni tatu. Mpya imetengenezwa kwenye tyubu, haina. Wanafunzi wangu hukariri hayo bila shida. Kazi inaanza wakiuliza inaionaje hiyo methili, kitu kidogo namna ile.

Mimi huwapeleka RCSB PDB, tovuti ya ghala la maumbo ya protini. Ghala la PDB lipo tangu 1971, ni bure, halidai akaunti wala leseni, na bado kuna wenzetu wanaosaka programu za wizi ili watazame protini! Andika 4KYW, namba ya umbo la DpnI ikiwa imeshika DNA, bonyeza umbo la 3D, na programu ya kutazamia, Mol*, inafunguka humo humo kwenye kivinjari.

Umbo hili ni la 2014. Nalipenda kuliko 4ESJ la 2012 kwa sababu hapa DNA imeshikwa na sehemu zote mbili za kimeng'enya: inayokata, na ile ya mkiani ambayo nayo inaitambua GATC yenye methili. Vuta karibu adenini zilizoandikwa 6MA. Methili mbili, moja kila uzi, zimebanana kama abiria wa siti moja kwenye daladala, hadi DNA inalazimika kujipinda kidogo zipate nafasi. Kimeng'enya kinazigusa methili zenyewe, na mpindo huo nao unakaa sawasawa kwenye mfuko wake. Pima umbali kati ya kaboni hizo mbili mbele ya darasa; maswali yatakayofuata yatakula kipindi kizima.

Kasoro? Kila kitu kipo kwa Kiingereza, vitufe vya Mol* havijielezi, na kwenye simu kidole kinaziba kile kile unachotaka kukiona. Tafuta kompyuta yenye kipanya. Na mwalimu usipotaja kwamba hiyo ni fuwele iliyoganda, mwanafunzi ataondoka akidhani DpnI haichezi kabisa.

Nyota nne kati ya tano. Ukishaizoea jaribu MspJI, kimeng'enya kingine: molekuli nne zilizoshikana, zinatambua saitosini (herufi C) yenye methili lakini zinakata mbali nayo, herufi 12 kwenye uzi mmoja na 16 kwenye mwingine. Hapo laptopu yangu huanza kuvuma feni.