Konjointi au kuuliza moja kwa moja?

Unataka kujua wateja wanathamini nini kwenye simu? Uliza moja kwa moja, yaani mwombe mteja aipe kila sifa alama 1 hadi 10, na karibu zote zitapata 8 au 9: betri muhimu, kamera muhimu, bei nafuu muhimu. Umebaki pale pale. Uchambuzi wa konjointi, yaani kupima sifa zikiwa pamoja badala ya moja moja, humwekea mbele simu kamili mbili tatu: hii betri inakaa siku mbili lakini ni ghali, ile ni ya bei nafuu lakini kamera hafifu. Achague. Akirudia mara kadhaa, takwimu zinafichua yuko tayari kuacha nini ili apate nini. Watafiti Paul Green na Vithala Rao waliuingiza kwenye utafiti wa masoko mwaka 1971, na kwa maswali ya bei mimi nauamini zaidi.

Kwa gharama, alama zinashinda waziwazi: dodoso fupi, wastani, basi. Konjointi inadai programu, mjuzi wa takwimu na wahojiwa wa kutosha. Sifa 4 zenye viwango 3 kila moja (mfano bei ya chini, ya kati na ya juu) tayari ni michanganyiko 81; ukiongeza sifa ovyo, mhojiwa huchoka na kujibu bila kusoma.

Kama bado unachuja orodha ndefu ya mawazo, alama zinatosha. Kama zimebaki sifa chache zinazogombana na bei, lipia konjointi.