Sanduku la kugandisha mafuta kwa umeme: kifaa nakisifu, chupa yake siitaki

Nafundisha fizikia sekondari hapa Kampala. Muhula uliopita niliagiza sanduku la majaribio: vibati viwili vya alumini vilivyoachana milimita moja, kisanduku cha betri kinachopandisha umeme hadi volti 3,000, na chupa ya giligili, yaani unga uliochanganywa na mafuta, ambayo eti huganda ukiwasha swichi.

Chupa ndiyo iliyoniudhi. Nilipoifungua, unga wote ulikuwa umelala chini, mgumu kama ugali wa jana, mafuta yakielea juu. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu nitikise. Jamani, nilitikisa mpaka bega likauma!

Jioni nikapita duka la Ntinda, nikanunua wanga wa mahindi, ule wa kukolezea supu, na mafuta ya alizeti, nitengeneze giligili yangu mwenyewe. Jaribio la kwanza likanitoa jasho bure. Mvua ilikuwa imenyesha siku nzima, wanga umevuta unyevu, umeme ukawa unavuja tu. Nikaukausha kwenye sufuria, moto mdogo, nikauacha upoe ndipo nikachanganya.

Kesho yake darasani, uji ule ukawa unachuruzika katikati ya vibati. Nikawasha: tuli! Nikazima, ukachuruzika tena. Binti mmoja wa kidato cha tatu akapiga kelele, "Mwalimu, umesimamisha bushera!" yaani uji wetu wa nafaka. Wengine wakadhani umeganda kwa baridi, basi nilipozima wakaugusa, uvuguvugu uleule.

Baridi haihusiki. Chembe za wanga zikiwa ndani ya uga wa umeme, yaani eneo la nguvu ya umeme kati ya vibati, hupata upande chanya na upande hasi, zikavutana na kujipanga minyororo kutoka kibati hadi kibati. Mafuta yenyewe hayapitishi umeme, kwa hiyo betri haimalizwi ovyo. Kujipanga huko huchukua milisekunde chache, jicho haliwahi. Mmarekani Willis Winslow alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya jambo hili mwaka 1947, na giligili kutuama chini kama ile ya chupa yangu imewasumbua mafundi tangu zamani.

Lawama nyingine: nyaya hazina kinga ya kutosha. Vibati hubaki na chaji hata ukizima, na mimi ilinitwanga kidole. Kabla ya kuvigusa, viunganishe kwanza kwa waya wenye mpini wa plastiki.

Nampa muuzaji nyota tatu, zote za kisanduku. Siku umeme wa mtaa ulipokatika katikati ya kipindi, tuliendelea kama kawaida. Chupa yake iko kabatini, imelala tena.