Kipimo cha Rose Bengal cha brusela: kwa zizi zima sawa, kwa mbuzi mmoja ngoja kwanza

Nafuatilia milipuko ya brusela, ugonjwa wa bakteria unaofanya mifugo watupe mimba na kumpa binadamu homa, na boksi hili nimetembea nalo miezi sita. Ndani kuna chupa ya antijeni, yaani bakteria wa brusela waliouawa na kutiwa rangi ya waridi, vichupa viwili vya seramu (majimaji yanayobaki damu ikiganda) za kulinganishia (moja ya mnyama mgonjwa, nyingine ya mzima), kibao cheupe na vijiti vya kukorogea. Umeme hautakiwi. Unachanganya tone la seramu na tone la antijeni, unatikisa kibao taratibu dakika 4, unatazama. Vikijikusanya vichembe, mnyama ana kingamwili, yaani kinga ambayo mwili umeitengeneza dhidi ya brusela. Ukichelewa kusoma, tone hukauka pembeni likakudanganya.

Raha yake ni kasi. Kuna zizi la mbuzi 46, tisa wametupa mimba, na mchungaji ana homa ya kuja na kuondoka wiki ya tatu, viungo vinauma, usiku analowa jasho. Alishatibiwa malaria mara mbili. Tulichukua damu asubuhi, tukaiacha igande kivulini, na kabla ya jua kuzama mbuzi 17 walikuwa wameonyesha vichembe. Jioni hiyohiyo maziwa yakaanza kuchemshwa, kondo na vijusi vikazikwa na mtu aliyevaa glavu, nasi tukaanza kuuliza beberu mgeni alitoka wapi.

Sasa lawama. Kikaratasi cha maelekezo kinasema tone kwa tone, basi. Kwa mbuzi na kondoo kipimo hunasa zaidi ukizidisha seramu mara tatu: mikrolita 75 za seramu kwa 25 za antijeni. Niliporudia hivyo kwa pipeti yangu mwenyewe, wakaongezeka wanne! Tena hakigusii chanjo, ilhali mbuzi aliyechanjwa Rev.1, chanjo ya brusela, anaweza kutoa vichembe akiwa mzima kabisa. Bakteria mwingine, Yersinia enterocolitica O:9, naye hukichanganya.

Kosa lililofuata ni langu. Niliegemeza chupa kwenye barafu. Antijeni hukaa nyuzi 2 hadi 8, na haitakiwi kuganda hata kidogo. Kufika uwandani, kila mbuzi "mgonjwa". Nilishaanza kuandika orodha, ndipo nikapima ile seramu ya mnyama mzima: nayo vichembe tele. Nilichana karatasi. Sasa napima seramu za kulinganishia kwanza, kila siku, na hapo ndipo ninapokasirika na watengenezaji, kwa sababu vichupa hivyo huisha antijeni ikiwa haijafika nusu.

Kwa binadamu sikitegemei peke yake. Mchungaji yule alionyesha vichembe, lakini hata aliyeugua zamani akapona anaweza kuonyesha. Daktari alimtoa damu ya kuotesha bakteria maabara kabla ya kumwanzishia dawa, nami nikasisitiza chupa iandikwe "inashukiwa brusela". Mtu wa maabara akifungua kioteshi cha bakteria huyu bila kujua, anaweza kumvuta kwa pumzi akaugua yeye.

Nyota 4. Ya tano inasubiri kichupa kikubwa zaidi cha seramu ya mnyama mzima.