Pedi za breki zenye kibati cha kulia, nimezitumia kwenye IST

Wakuu kama una IST au Toyota yoyote ndogo na unataka pedi za mbele, lipia zile zenye kibati cha kulia, yaani kinachopiga mlio pedi zikikaribia kuisha. Mimi nimefunga za seramiki, nilichukua duka la spea Gerezani, bei karibu mara mbili ya zile nilizokuwa nafunga zamani na sijutii hata kidogo.

Breki zenyewe safi sana. Gari halivuti upande, lile vumbi jeusi la kuganda kwenye rimu limepungua mno, na nimeshuka nazo mlima Kitonga natokea Iringa gari limejaa watu na mizigo, gia ndogo, breki nagusa na kuachia, pedali ikabaki ngumu vilevile mpaka chini.

Ila kilichonifanya niandike ni hicho kibati. Kimeshikizwa kwenye bati la mgongo wa pedi, ncha yake imekunjwa kuelekea kwenye disk, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi na kubanwa na pedi. Pedi mpya ina nyama kama milimita 10 hivi, sasa ikiliwa ikabaki kama 2 au 3 ile ncha inaanza kugusa disk, unasikia mlio mwembamba wiiii tairi likizunguka. Zile za bei chee nilizokuwa nafunga hazina kitu hicho, zinaisha kimyakimya mpaka chuma kinakutana na chuma, hapo disk inachimbika na kuichonga kuna mwisho wake, unene wa chini kabisa huwa umepigwa mhuri kwenye disk yenyewe.

Yangu ikaanza kulia mbele kushoto. Jamaa mmoja akachungulia kwenye matundu ya rimu akaniambia pedi bado nene hii, tembea tu. Na kweli ya nje ilikuwa nene! Fundi kavua tairi kainua kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye disk, pedi ya ndani imebaki unene wa sarafu. Unajua kalipa za hizi gari zina pistoni moja tu, upande wa ndani, inasukuma pedi ya ndani halafu kalipa nzima inateleza kwenye pini zake ndo inaivuta ya nje. Sasa pini moja mpira wake ulishachanika, maji na vumbi vimeingia, imeshika kutu haitelezi, kwa hiyo ya ndani ikawa inafanya kazi yote peke yake. Kwa macho ya nje tusingejua kabisa, bahati nzuri kibati kiko kwenye pedi ya ndani.

Pini ikasafishwa, mpira mpya, ikapakwa grisi maalumu ya breki, msikubali grisi ya kawaida inavimbisha mipira. Na kopo la mafuta ya breki lilikuwa limeshuka, nikataka kuongeza fundi akanizuia, akasema pedi zikiisha pistoni inatoka nje zaidi ndo maana mafuta yanashuka, ukiisukuma irudi nayo yanapanda. Kweli, yalipanda mbele ya macho yangu.

Kasoro niliyoiona ni moja, asubuhi baada ya mvua zinalia kidogo mara mbili tatu kisha zinanyamaza. Nimefunga seti nyingine ileile na nasubiri zikae vizuri na disk, fundi kasema kwa kilomita 200 za mwanzo nisifunge breki kwa nguvu labda kuwe na dharura.